Dawa za Mama Mkwe

Nilikaa nyumba moja na mama mkwe wangu miaka saba bila kuzungumza naye hata mara moja. Hatukuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima tu. Wazazi wa mke wangu ni watu wa Kasai walioletwa huku na kampuni kuchimba shaba, na kwao mwanamume na mama wa mke wake hawaketi pamoja, hawali pamoja, wala hawatajiani mambo ya mwili. Sisi wenyeji wa hapa nasi tunauogopa ukwe, lakini si kama wao. Nikitokea uani, mama alivuta kitenge juu ya kichwa akageukia ukuta. Nikiwa na neno la kumwambia, nilimwambia mke wangu, naye akamwambia mama yake, hata kama sote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa.

Wakati huo nchi iliitwa Zaire na mkoa wetu Shaba. Nilikuwa muuguzi katika zahanati moja ya kampuni hapa Likasi. Tuliishi Kikula, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, kwa sababu nyumba za kambi ya kampuni hazikututosha sote tulioziomba. Baba mkwe alifanya kazi kwenye tanuru za kuyeyusha shaba mpaka akastaafu, kisha akafa msimu wa mvua. Baada ya mazishi watoto wake walikaa wakaamua mama aje kwetu. Sababu yao ilikuwa moja: kwa binti yule kuna munganga nyumbani. Hivyo ndivyo watu walivyotuita sisi wauguzi, munganga, sawa na daktari.

Kama mjane wa mfanyakazi, mama alibaki na haki ya kutibiwa katika zahanati yoyote ya kampuni, na haki hiyo aliitumia. Akienda kukaa na mwanawe Kambove mwezi mmoja au miwili, alienda zahanati ya huko. Akienda kwa binti yake mwingine Kolwezi, vivyo hivyo. Kila mahali alipewa kitu, na hakuna aliyemuuliza alipewa nini kwingine. Nilijua. Ndivyo tulivyofanya kazi sote. Asubuhi unafungua dirisha na mstari umekwisha kufika barabarani. Mzee anafika mbele yako, ana dakika mbili, anasema goti, unaandika. Anasema usingizi, unaandika. Anayefuata.

Miaka ikapita, na mama akaanza kwenda chini. Alilala mchana kutwa ameketi. Alikuwa akiamka kwenye kiti anashika ukuta, na siku mbili katika mwezi mmoja alianguka njiani kuelekea chooni. Alianza kuchanganya majina ya wajukuu. Mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alirudi nyumbani kila siku sauti imekauka, aliniuliza mama ana ugonjwa gani.

"Uzee," nikamwambia.

Nilikuwa nimechoka, na neno hilo lilikuwa karibu.

Jumapili moja baada ya misa, mama alianza kutapika na kushika tumbo. Alikuwa na ngiri ya kitovu tangu uzazi wake wa mwisho, uvimbe aliozoea kuurudisha ndani kwa kiganja, na siku hiyo ulikataa kurudi. Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Daktari wa upasuaji, kijana aliyemaliza masomo si zamani, alimlaza, akaubonyeza polepole kwa muda mrefu mpaka ukaingia. Alinitoa kando kwenye korido.

"Leo umerudi," alisema. "Siku nyingine utumbo utanasa humo na kuoza. Lazima tushone."

Nilidhani atanipa tarehe. Lakini pale hospitali alikuwapo mtawa mmoja, mwanamke wa hapa hapa Katanga, mwenye miwani mizito, ambaye kazi yake ilikuwa kuwalaza wagonjwa usingizi wa upasuaji. Daktari hakumpasua mtu bila yule mtawa kukubali. Alimpima mama shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akamsimamisha ampime tena. Mama alimwangukia mikononi. Akamrudisha kitandani, akamuuliza leo ni siku gani.

"Siku ya kupewa unga," mama alijibu. Kampuni ilikuwa imeacha kumpa unga tangu mumewe alipostaafu.

Mtawa akanigeukia. "Uyu mama iko analala tayari. Nikimupatia usingizi yangu juu ya ile iko nayo, ataamuka?"

Nilitoa kalamu nianze kuandika dawa nilizozijua.

"Uniletee dawa zake. Usiniandikie majina. Lete zenyewe, zote."

Tulimrudisha mama nyumbani, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa maana dawa zilikaa chumbani kwa mama, na chumba kile sikuwahi kukanyaga. Nilimtuma mke wangu. Alirudi na pakiti mbili. Nikazipeleka kwa mtawa, akazitazama, akanirudishia: "Nilisema zote." Nilimtuma mke wangu tena, akaja na tatu nyingine. Alisema kuna zaidi chini ya godoro, lakini mama amekalia godoro.

"Anasema dawa za muntu si za kuuliza," mke wangu alinieleza. "Anasema weye ni mukwe, unatafuta nini mu chumba yake?"

"Mwambie ni mtawa anayetaka."

Akaenda, akarudi. "Anasema mutawa aje mwenyewe."

"Mwambie mtawa ana wagonjwa."

Mke wangu alisimama katikati ya sebule, daftari za wanafunzi bado ziko kwapani. Alikuwa na watoto zaidi ya sitini katika darasa lake mwaka ule. Aliziweka daftari mezani taratibu.

"Minye nimechoka," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika vyumba vyote. "Siku muzima nasemea batoto, nikirudia hapa nasemea bakubwa. Mukitaka kusema, museme benyewe."

Akaenda kulala saa kumi na moja jioni bila kupika.

Siku tatu hakuna aliyesema kitu. Jumamosi nilitoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, tulikuwa tumechimba mtaro asubuhi nzima, matope yamenifika magotini. Nikiwa nanawa uani nikasikia sauti kutoka dirisha la mama.

"Mukwe."

Nilifikiri nimesikia vibaya.

"Mukwe, kamata kiti. Keti ku mulango yangu. Geuka kule."

Nilichukua kiti nikakiweka kizingitini, nikakaa nimempa mgongo, uso wangu uani kwenye kamba ya nguo. Nilisikia godoro likivutwa. Kisha sahani ya bati ikasukumwa kwenye saruji mpaka ikagusa kisigino changu. Ilijaa. Kulikuwa na vikaratasi vya daftari vilivyokunjwa, bahasha ndogo za zahanati, na kopo la maziwa lililojaa vidonge vya rangi mbalimbali bila jina lolote.

Niliinua pakiti ya kwanza juu ya bega langu ili aione. "Mama, hii unakunywa juu ya nini?"

"Ile ni ya Kambove. Ya damu kupanda."

"Na hii?"

"Ya Kolwezi. Nayo ya damu kupanda."

"Zote mbili unakunywa?"

"Si banganga babili banaandika?"

Niliinua nyingine. Hiyo ilikuwa ya magoti. Iliyofuata ilikuwa ya tumbo, kwa sababu ile ya magoti ilimchoma tumbo. Nyingine ilikuwa ya kukojoa, kwa sababu miguu ilivimba. Nyingine ya kizunguzungu, na kizunguzungu, kwa hesabu yake mwenyewe, kilianza alipotoka Kolwezi. Alizijua zote. Mwanamke huyu aliyesahau majina ya wajukuu alijua kila kidonge kilikotoka na nani alikuwa dirishani siku hiyo.

"Na hii?"

"Ya kulala."

Nilikifungua kikaratasi. Kilikuwa kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka kikawa laini kama kitambaa. Juu yake kwa wino wa buluu paliandikwa: kimoja jioni, siku kumi. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikumbuka. Ilikuwa jioni ile baba mkwe alipokufa. Nilimpa mke wangu vile vidonge ampelekee mama apate kupumzika kidogo wakati wa msiba. Siku kumi. Zilipokwisha, alituma kikaratasi kile zahanati, wenzangu wakaona mwandiko wangu, wakakijaza. Kikaja tena, wakakijaza tena. Na siku nyingine, siwezi kudanganya, aliyekuwa dirishani nilikuwa mimi, sikutazama hata karatasi ni ya nani.

"Mama," nikasema, "nani alikuambia uendelee kukunywa hii?"

"Nani aliniambia niache?"

Jumatatu nilimpelekea mtawa ile sahani kama ilivyokuwa, imefunikwa kwa kitambaa. Alizipanga pakiti mezani. Alipofika kwenye kile kikaratasi nikamwambia ni changu, kabla hajauliza. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la vazi lake. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa ameshinda chumba cha upasuaji tangu alfajiri.

"Minye pia niko na yangu," alisema. "Yako umeiona tu; yangu sijaiona bado."

Halafu akafanya kazi. Ya tumbo, ya kizunguzungu, na kopo zima la vile visivyo na jina, viachwe siku hiyo hiyo. Ya kukojoa nayo iachwe, tukiangalia miguu. Katika zile mbili za damu, moja ibaki, na hiyo aimeze hata asubuhi ya upasuaji kwa funda moja la maji. Ya pili, ambayo alisema inawavunja wazee moyo na kuwaangusha, ipunguzwe mpaka iishe. Ya magoti iachwe siku kumi kabla ya upasuaji, ili damu iweze kuganda.

"Na ya kulala?" niliuliza.

"Ile njo ya kuogopa. Ukiikata mara moja, anaweza kushikwa na degedege. Mutakata na wembe. Robo inatoka, munangoja, robo ingine inatoka."

Daktari hakupenda. Alitaka kupasua wiki ile ile. Mtawa alimwambia anaomba wiki sita, na kwamba kama ngiri itanasa tena kabla ya hapo, watapasua vivyo hivyo na watamwomba Mungu. Tulipewa kitambaa kipana cha kumfunga mama tumboni, na amri kwamba asinyanyue hata ndoo.

Wiki zile sitaki kuzirudia. Mke wangu alikata vidonge kwa wembe juu ya kifuniko cha sufuria kila jioni, kabla ya kusahihisha daftari. Mikono ya mama ilitetemeka. Alitoka jasho, hakulala, na kwa kuwa yeye hakulala hakuna aliyelala. Aliongea peke yake kwa Kiluba, lugha ya kwao, na kutuapiza. Asubuhi nilienda kazini nikiwa nimeegemea baiskeli badala ya kuipanda.

Habari zikafika Kambove. Shemeji yangu, kifungua mimba wa mama, akaja kwa lori la mchana na hakukubali kiti.

"Shemeji, munataka kuua mama?"

"Tunamtayarisha kupasuliwa."

"Kwa kumunyima dawa? Baba alitumika miaka makumi tatu ku moto. Hizi dawa njo kitu kampuni imebakisha kwake. Na weye, mutu wa kampuni, unazikamata."

Ningeweza kumweleza habari za figo na damu, lakini alikuwa amesema kweli kuhusu kile kilichobaki. Niliketi ukutani nikamwambia kama anataka ampeleke Kambove, ampeleke, mimi sina nguvu ya kugombana. Nadhani nilimaanisha.

Mama ndiye aliyejibu, kutoka chumbani. "Uniache hapa. Leo nimesikia miguu yangu ku sementi."

Shemeji alisimama mlangoni kwake muda mrefu, wakanong'ona kwa Kiluba. Alirudi Kambove na lori la jioni. Hakuniaga, lakini alimwachia mke wangu mfuko wa mihogo.

Alasiri moja katika wiki ya nne, nilikuwa nyuma ya nyumba nikiziba pancha. Mama alitoka chumbani kwake bila kushika ukuta, akaingia jikoni alikokuwa binti yake. Nilisikia kila neno.

"Baba yako tulimuzika siku gani?"

"Alhamisi, mama. Mvua ilinyesha."

"Minye nilikuwa?"

"Ulikuwa. Ulikaa ku mukeka na shangazi."

"Nililia?"

Mimi nilikumbuka ule msiba. Watu walimsifu mama kwa utulivu wake. Alikaa kwenye mkeka macho nusu wazi, akapokea mikono ya watu, na wote wakasema ni mwanamke jasiri.

"Hapana, mama," mke wangu alisema. "Haukulia."

Akalia siku hiyo. Alitoka jikoni akaketi chini uani, akanyoosha miguu mbele kama wanavyofanya wajane, akaanza kumwita mumewe kwa majina yake yote, na majina ya baba zake. Mlio ule ulivuka uzio. Majirani walikuja mbio, wanawake wakifunga vitenge njiani.

"Nani amekufa?" jirani wa upande wa pili aliuliza.

"Baba," mke wangu alisema.

"Baba gani? Bwana yako si ule pale?"

"Baba yangu."

Walitazamana. Wengi wao walikuwapo kwenye mazishi yale miaka saba nyuma, na walikula chakula cha msiba. Mke wangu alijaribu kuwaeleza habari za dawa, akashindwa, naye akaanza kulia. Basi mama mmoja mnene, muuza samaki wa sokoni, alivua viatu akaketi chini kando ya mama mkwe wangu. Mwingine akaketi. Mtu akaleta mkeka. Walilia naye mpaka jua likazama, kwa haki, kama kwamba maiti ilikuwa ndani. Mimi nilibaki nyuma ya nyumba na gurudumu mkononi. Sikuwa na mahali pa kujiweka.

Kesho yake binti yake alimpeleka makaburini. Walikaa huko mpaka mchana.

Siku ya upasuaji, mama aliingia chumba kile akitembea. Mimi, kwa kazi yangu, ningeweza kuingia, lakini kwa ukwe sikuweza. Nilikaa kwenye benchi la korido chini ya picha ya Rais, nikasinzia, na ninaona haya kusema kwamba nililala kabisa. Mtawa alinigusa bega.

"Ameamuka," alisema. "Ameuliza nani amebeba viatu vyake."

Alikuwa akitabasamu, lakini alikuwa ameshikilia mlango kwa uchovu, na mgonjwa mwingine alikuwa akisukumwa ndani nyuma yake.

Sitasema kila kitu kilikwenda vizuri. Kidonda kilitoa usaha, tukakisafisha wiki tatu. Shinikizo la damu lilipanda mara moja tukaogopa, likashuka. Na mama mwenye akili zake zote hakuwa mtu rahisi kukaa naye. Alionja mboga ya binti yake akasema haina chumvi. Aliona daftari mezani akasema nyumba hii ni chafu. Alitaka kujua kwa nini ameketi Kikula bila shamba wakati mwanawe ana shamba Kambove. Wakagombana, yeye na binti yake, kwa nguvu ambazo hakuna kati yao aliyekuwa nazo mwaka uliotangulia. Kiangazi kilipoanza alihamia Kambove. Siku ya kuondoka aliniita tena, nikakaa na mgongo wangu kama kawaida, akaniambia nisimpe tena binti yake dawa ya mtu yeyote bila kusema mwisho wake ni lini. Aliishi huko miaka minne, akilima, akafa kwa homa iliyomchukua siku chache.

Zahanati nilijaribu. Nilianza kuwaambia wazee waniletee vyote wanavyomeza, tuangalie kimoja kimoja. Mstari ukawa mrefu zaidi, na mkubwa wangu akaniuliza kama nataka watu walale barabarani. Mzee mmoja aliyechimba mgodini Kamatanda ujana wake wote alinipigia meza, akasema nikitaka kumnyang'anya basi nianze na shati. Wengine walirudi wakisema vichwa vyao vimekuwa vyepesi. Mama mmoja alirudi na kuku.

Lakini zilikuwapo siku, na hazikuwa chache, nilipokuwa sijalala, dawa zenyewe zinakwisha kabatini, watu wanasukumana dirishani, na mzee ananinyooshea kikaratasi chenye mwandiko wa mtu nisiyemjua. Nilikitazama, nikakijaza, nikamrudishia. Wale sijui waliishia wapi.